Maria Montessori: Daktari Aliyewapa Watoto Pembetatu Mikononi

Kila likizo tunapotumwa parokiani kwa kazi za kitume, hatukosi kukuta chekechea pembeni ya kanisa, na mara nyingi kibao cha getini kina neno Montessori. Baadhi yetu tulikaa miaka tukidhani hilo ni jina la shirika la masista, au la mji fulani wa Italia. Ni jina la ukoo la mwanamke mmoja, daktari wa magonjwa ya binadamu, aliyefariki mwaka 1952.

Katika parokia moja, ambayo hatutaitaja, tulikuta kabati la vioo limefungwa kwa kufuli. Ndani mlikuwa na maumbo ya mbao yaliyopakwa rangi ya bluu: tufe, koni, piramidi, yai. Chini yake kulikuwa na vipande vya rangi ya waridi, kumi kamili, vimefunikwa na vumbi. Nje ya kioo watoto wapatao arobaini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakiimba kwa sauti moja, duara, mraba, pembetatu, huku mwalimu akigusa bango la ukutani kwa fimbo. Tulipouliza kuhusu kabati, tulijibiwa kwamba vifaa vile ni vya msaada, ni ghali, na kimoja kikipotea hapatikani wa kukirudisha. Hatukucheka, maana hofu ile ina msingi. Lakini katika maisha ya Montessori pia limo kabati, na kufuli limo, ndiyo sababu tumeona vema kuyasimulia.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, mkoa wa Ancona, Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alikuwa mwanamke mpenda vitabu, jambo lililokuwa adimu kwa wanawake wa wakati ule. Maria akiwa bado mtoto familia ilihamia Florence, kisha Roma mwaka 1875. Alipofikisha miaka 13 alijiunga na shule ya ufundi, shule ambayo kwa kawaida ilikuwa ya wavulana, kwa sababu alipenda hesabu na alitaka kuwa mhandisi. Hilo tunaomba msomaji alishike. Mtu aliyekuja kuwawekea watoto wa miaka mitatu pembetatu mikononi alikuwa ameipenda jiometri kabla hajawajali watoto.

Baadaye aliacha uhandisi akataka udaktari. Baba yake hakufurahi. Chuo Kikuu cha Roma kilimpokea, lakini ilionekana si adabu msichana asimame na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi, hivyo alilazimika kufanya mazoezi ya upasuaji peke yake, baada ya wenzake kuondoka. Mwaka 1896 alihitimu, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kupata shahada ya udaktari nchini Italia.

Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka katika kliniki ya magonjwa ya akili. Humo alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa, katika vyumba visivyo na kitu chochote cha kushika. Husimuliwa kwamba mhudumu mmoja aliwalalamikia watoto hao kuwa ni wachafu, kwa kuwa baada ya kula walijitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Maria alitazama akaona jambo jingine. Makombo yale hawakuyala tu, waliyaviringisha na kuyafinyanga. Njaa yao ilikuwa ya mikono.

Alikwenda kutafuta waliomtangulia. Akawapata madaktari wawili wa Ufaransa. Mmoja ni Itard, aliyejaribu kumfundisha mvulana aliyeokotwa msituni Aveyron. Wa pili ni mwanafunzi wake, Séguin, aliyetengeneza vifaa vya kuwafundisha watoto wenye ulemavu kwa kugusa na kupanga. Maria alinakili maandishi yao kwa Kiitaliano kwa mkono wake mwenyewe, neno kwa neno, apate kuyaelewa vizuri. Mwaka 1900 akashika uongozi wa shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao mjini Roma, akisaidiana na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Watoto walioandikwa kuwa hawafundishiki walijifunza kusoma na kuandika, na baadhi yao walifaulu mitihani ya serikali waliyofanya watoto wengine. Watu walishangilia. Maria alijiuliza swali lililowaudhi wengi: ikiwa hawa wamefika hapa, hao wenye afya njema wanazuiwa na nini kwenda mbali zaidi?

Kuna jambo la miaka hiyo ambalo wasifu mwingi mfupi hulipita kimya, nasi tungeweza kulipita. Mwaka 1898 Maria alimzaa mtoto wa kiume, Mario, na baba yake ni huyo Montesano. Hawakufunga ndoa. Kwa mwanamke msomi wa wakati ule, kujulikana kuwa amezaa nje ya ndoa kungefunga milango yote. Mtoto alipelekwa kijijini kulelewa na familia nyingine. Mama yake alikuwa akienda kumwona bila kumwambia yeye ni nani. Montesano akaoa mwanamke mwingine, na mwaka 1901 Maria akaiacha shule waliyoiongoza pamoja. Kwa hiyo, alipokuwa akijiandaa kuwafungulia watoto wa Roma mlango wa shule, wake mwenyewe alikuwa akikua mbali naye. Hatuandiki haya kwa kumwaibisha, wala hatuoni kwamba yanabatilisha kazi yake. Ila tukisema alikuwa mama wa watoto wote tukaficha lile, tutakuwa tumesimulia nusu.

Alirudi chuoni kusoma falsafa na elimu ya makuzi ya binadamu. Kisha ukaja mtaa wa San Lorenzo.

San Lorenzo ulikuwa mtaa wa maskini mjini Roma, wenye majengo yaliyoachwa kabla ya kumalizika na kujaa watu wasio na pa kwenda. Kampuni moja ya majengo iliyakarabati na kuyapangisha. Wazazi walipokwenda kazini asubuhi, watoto wadogo walibaki wakikimbia kwenye ngazi na kuchora kuta. Wenye majengo waliona ni nafuu kuwakusanya katika chumba kimoja kuliko kupaka rangi upya kila mara. Ndivyo kazi hii ilivyoanza, kwa ajili ya kuokoa rangi ya ukuta! Maria aliombwa aisimamie. Tarehe 6 Januari 1907, sherehe ya Tokeo la Bwana, Nyumba ya Watoto ya kwanza ilifunguliwa ikiwa na watoto zaidi ya hamsini wa umri wa kama miaka mitatu hadi sita, waoga, wenye machozi, pamoja na mwanamke mmoja wa kuwatunza ambaye hakuwa amesomea ualimu.

Maria aliweka chumbani vile vifaa alivyokwisha kuwatengenezea watoto wenye ulemavu, akakaa kutazama. Hapa tutakawia kidogo, kwa kuwa wengi wetu tumeviona bila kujua vinafanya nini.

Kulikuwa na kipande kirefu cha ubao chenye matundu kumi, na katika kila tundu kipande cha mbao cha duara kama kizibo, chenye kishikio kidogo juu. Vizibo vinatofautiana unene au kimo, na kila kimoja kina tundu lake moja tu. Mtoto anavitoa vyote, anavichanganya, anavirudisha. Akikosea, kizibo cha mwisho hakina pa kuingia, naye anaona mwenyewe. Hakuna wa kumwambia amekosa. Maria alimwona msichana wa kama miaka mitatu akifanya kazi hiyo bila kuinua macho. Akawaambia wengine waimbe. Msichana hakugeuka. Akainua kiti pamoja na mtoto aliyekikalia, akakiweka juu ya meza; mtoto alivishika vifaa vyake mapajani akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku kama aliyeamka usingizini. Maria alisema mambo mengi baadaye katika maisha yake, ila tunadhani karibu yote yalitoka katika dakika hizo.

Vile vipande vya waridi tulivyoviona kabatini ni michemraba kumi, yaani vipande vyenye pande zote sawa. Kidogo kabisa kina upande wa sentimita 1, kikubwa kina upande wa sentimita 10. Mtoto anajenga mnara kuanzia kikubwa. Hajui kwamba kile cha chini kinajaza nafasi ya vidogo 1,000, wala haambiwi; mikono yake inaupima uzito. Miaka mingi baadaye, atakapoandikiwa ubaoni kwamba kumi mara kumi mara kumi ni elfu moja, mwili wake utakuwa umeshalijua hilo. Kuna pia fito nyekundu kumi, ya kwanza sentimita 10, ya mwisho mita nzima. Mtoto wa miaka minne akibeba fito ya mita moja katikati ya wenzake waliokaa sakafuni, hana budi kujua mbele na nyuma, kulia na kushoto, na mahali pa kugeukia bila kumgonga mtu.

Kwa maumbo bapa alitengeneza kijikabati cha droo. Droo moja ina miduara ya ukubwa mbalimbali, nyingine pembetatu, nyingine mistatili, nyingine maumbo ya pembe tano hadi kumi. Kila umbo linatoka katika fremu yake kwa kishikio. Kabla ya kulirudisha, mtoto anapitisha vidole viwili vya mkono wa kuandikia kwenye ukingo wake, kisha kwenye ukingo wa fremu. Zipo kadi zenye umbo hilohilo limejazwa rangi, kisha limechorwa kwa mstari mnene, na mwishowe kwa mstari mwembamba, na mtoto anaweka kipande juu ya kadi inayolingana nacho. Kwa njia hiyo anatoka kwenye kitu cha kushika akafika kwenye mchoro. Yale maumbo ya bluu huwekwa kikapuni, mtoto akafungwa kitambaa machoni, akayapapasa: hili linaviringika kila upande, hili linaviringika upande mmoja tu, hili lina ncha.

Majina yalikuja mwisho, kwa hatua tatu alizozichukua kwa Séguin. Kwanza mwalimu anamwonyesha mtoto maumbo mawili au matatu na kutaja jina la kila moja, bila maneno ya ziada. Kisha anamwomba mtoto ampe lile analolitaja. Mwisho anamgusia moja na kumwuliza ni nini. Mtoto akishindwa, hakaripiwi. Vifaa vinawekwa, somo linafanyika siku nyingine. Msomaji alinganishe hilo na wimbo wetu wa duara, mraba, pembetatu, ambapo jina linaanza, na kitu hakifuati kabisa.

Na mistari ya sakafuni. Maria alichora kwa chaki mstari wa mviringo uliorefuka kama yai, watoto wakatembea juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Hili halihitaji msaada kutoka popote. Katika shamba letu la mboga tuna vigingi na kamba: chomeka vigingi viwili, funga kamba iliyolegea baina yake, vuta kamba kwa kipande cha chaki ukizunguka, na umbo hilo litatokea lenyewe. Fundi seremala naye, akipewa vipimo, hashindwi kukata michemraba kumi kutoka kwenye mabaki ya mbao.

Sasa lile kabati. Mwanzoni pale San Lorenzo vifaa vyote vilifungiwa, na mwalimu ndiye aliyevigawa na kuvikusanya. Siku moja alichelewa, na jana yake alikuwa amesahau kufunga kabati. Alipofika alikuta watoto wamelifungua. Wengine walikuwa wakitoa vifaa, wengine wameshakaa na kazi zao. Aliona ni wizi, akataka waadhibiwe. Maria alitafsiri tofauti: watoto wameshavijua vifaa vile kiasi cha kuchagua wenyewe, na kila mmoja anajua kinapotoka na kinaporudi. Aliagiza kabati refu lenye kufuli liondolewe, yakawekwa mashubaka mafupi yaliyo wazi, kwa kimo cha mtoto. Kinachotushangaza sisi ni kwamba hakulipanga jambo hilo. Mfumo uliokwenda duniani kote kwa jina lake ulipata sura yake kwa usahaulifu wa mwalimu, na kwa sababu mkubwa wake hakukimbilia kuadhibu.

Sifa zilienea upesi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mama yake alifariki Desemba 1912, na muda mfupi baadaye Mario, akiwa kijana wa kama miaka 15, alikuja kukaa naye. Mbele za watu aliitwa mpwa wake, au mtoto wa kulea.  Baadaye alikuwa msaidizi wake katika kazi na katika safari nyingi.

Mji wa Barcelona ulimkaribisha, na huko ndiko alikofanya lile linalotugusa zaidi sisi tunaojiandaa kuhudumu altareni. Aliwaandalia watoto chumba chao cha mambo matakatifu, chenye altare ndogo, vyombo vidogo, viti vidogo, wapate kujifunza Misa kwa mikono kama walivyojifunza pembetatu. Watoto walipanda ngano na mizabibu, wakaitunza, wakajua kwa jasho mkate na divai hutoka wapi. Aliandika pia vitabu vya kuwaeleza watoto Misa na mwaka wa liturujia. Wako Wakatoliki waliomshuku hata hivyo, wakiona kwamba anaamini mno wema wa maumbile ya mtoto na kusahau dhambi ya asili. Shaka hiyo haikuwa ya kipuuzi, ingawa kwa maoni yetu anayemwekea mtoto altare hawezi kusemwa kwamba amemtosheleza kwa maumbile peke yake. Na huko Barcelona, mwaka 1934, alichapisha kitabu kizima juu ya jiometri kwa watoto. Msichana wa shule ya ufundi alikuwa bado hai ndani ya mama wa miaka 64.

Kwa upande wa siasa hatuwezi kumtetea kabisa. Kuanzia mwaka 1924 alikubali msaada wa Mussolini, aliyezipenda shule zake kwa kuwa watoto wake walijua kusoma mapema na walikuwa na utaratibu. Kwa takribani miaka kumi alidhani angeweza kupokea fedha za dikteta na kubaki na uhuru wa mtoto. Haikuwezekana. Mwaka 1934 shule zake nchini Italia zilifungwa, naye akaondoka. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa Hispania, akaenda Uingereza na kisha Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 69, alikwenda India kufundisha walimu karibu na Madras. Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na Waingereza waliotawala India wakamhesabu kuwa raia wa adui. Mario aliwekwa kizuizini, Maria akazuiwa asitoke katika eneo alilokuwa akiishi. Tarehe 31 Agosti 1940 alitimiza miaka 70. Siku hiyo serikali ya kikoloni ilimpelekea salamu pamoja na zawadi ya kuachiwa Mario, na ndani ya salamu hizo Mario alitajwa kuwa mwanawe. Jambo ambalo mama hakulitamka hadharani kwa miaka 42 lilitamkwa na ofisi ya gavana mkuu wa Kiingereza.

Walibaki India hadi mwaka 1946, wakafundisha walimu wengi sana. Aliporudi Ulaya aliendelea kusafiri. Alipendekezwa mara tatu kwa tuzo ya Nobel ya amani, hakuipata. Miongo kadhaa baada ya kifo chake Italia iliiweka sura yake kwenye noti ya lira 1,000.

Masika ya mwaka 1952 alikuwa Noordwijk aan Zee, mji wa pwani ya Uholanzi, akiwa na miaka 81. Husimuliwa kwamba siku ile alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya Afrika, kwenda nchi tunayoiita leo Ghana, ambako walimu walikuwa wakihitajika. Mario aliona mama yake amezeeka mno kwa safari hiyo. Alifariki hapohapo, tarehe 6 Mei, akazikwa katika makaburi ya Kanisa Katoliki la mji huo. Mario aliiendeleza kazi yake hadi alipofariki mwaka 1982.

Kule parokiani tulirudi likizo iliyofuata. Kufuli lilikuwa bado lipo, lakini mwalimu alituomba tumwonyeshe namna ya kuchora ule mstari wa chaki, na kabla hatujamaliza kuuzungusha watoto sita walikuwa wameshapanga foleni nyuma yetu, kisigino kwa kidole, mikono wameinyoosha kama mabawa.